MREJESHO: TV ya chogo inchi 21, picha kujikunja juu kisha kubaki mstari mmoja

Wakuu, ile TV iliyokuwa inakunja picha juu na kuchora mistari myeupe, halafu ikabaki mstari mmoja wa mlalo katikati, imepona. Aisii ya wima (LA7840), yaani chipu inayotandaza picha juu na chini, haikuwa na kosa, mguu wake wa 6 unaoingiza umeme ulisoma volti 24 safi.

Mbovu ilikuwa kapasita ya mikrofaradi 100, volti 35, kati ya mguu wa 7 na wa 3. Hiyo ndiyo inayoongeza volti mwale unaochora picha unaporudi juu; ikikauka, mwale unachelewa na picha inajikunja. Ilibaki mikrofaradi 9! Mpya ni ya kuhimili joto la nyuzi 105, maana inakaa jirani na bati la kupoza.

Mstari mmoja ulitoka kwingine: lehemu ya mguu wa 2 wa aisii, unaopeleka umeme kwenye koili za kusogeza mwale, ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka umulike tochi kwa ubavu. Nimefyonza lehemu ya zamani, nikalehemu upya miguu yote 7 pamoja na plagi ya koili hizo za shingoni mwa kioo.

Mstari ukibaki mmoja, punguza kirekebisho cha mwanga kilichoandikwa SCREEN kwenye flaibeki (transfoma ya volti kubwa) kwanza, usije ukaunguza kioo.