Mausi na kibodi zisizo na waya za nyumbani: risiva au Bluetooth?

NyegeziKona
Habari wakuu. Natafuta seti ya mausi na kibodi zisizo na waya kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani. Watumiaji ni wanafunzi wawili na mzazi: kuandika, barua pepe, masomo ya video. Madukani naona za risiva ya USB (kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta) na za Bluetooth. Ipi inafaa?

FundiMakoroboi
Risiva, mkuu. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika hazina Bluetooth kabisa. Halafu risiva inaitika tangu mashine inapowaka, hivyo ukitaka kuingia BIOS (mipangilio ya msingi kabla Windows haijawaka) au kuweka Windows upya kibodi ipo. Ya Bluetooth kwa kawaida husubiri mpaka mfumo uwake. Seti ya Logitech MK270 inatosha: kibodi inakula AAA mbili, mausi AA moja, na risiva moja inahudumia vyote.

Mama_Kirumba
Kama kuna laptopu na simu pia, usiidharau Bluetooth. Kibodi ya Bluetooth ya Logitech K380 inakumbuka vifaa vitatu, unahama kwa kitufe kimoja, na tundu la USB linabaki wazi.

FundiMakoroboi
Kweli dada, ila yeye ana mashine moja. Na hapa ndipo wengi wanapolalamika bure. Mausi inakwamakwama au herufi zinaruka, mtu anasema seti ni feki, kumbe risiva imechomekwa kwenye tundu la bluu la USB 3, jirani na flashi au hadidiski ya nje. USB 3 ikifanya kazi hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na risiva. Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012. Usiiweke nyuma ya boksi la chuma. Tumia tundu jeusi la mbele, au nunua waya wa USB wa kurefushia, mita moja tu, risiva ikae juu ya meza karibu na kibodi. Ruta ya Wi-Fi nayo isogeze mbali na hapo.

IgomaBuzuruga
Betri nazo. Soma maandishi madogo ubavuni: LR6 (saizi ya AA) na LR03 (AAA) ni alkalini, R6 na R03 bila L ni zile za kaboni za bei ya chini. Za kaboni, kopo lake la zinki ndilo linaloliwa kadiri umeme unavyotoka, mwishowe linatoboka na kuvuja ndani ya kibodi. Alkalini nayo huvuja ikisahaulika. Ukikuta ukoko mweupe wa alkalini kwenye springi, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha kabisa ndipo uweke mpya. Usichanganye ya zamani na mpya.

Mama_Kirumba
Kwa walio karibu na maji: wadudu wa ziwani wakija usiku wanafuata mwanga wa skrini na kujaa katikati ya vitufe. Usiwafute kwa kitambaa kibichi, wanapondeka na kugandia chini ya vitufe. Waache wakauke, pindua kibodi, gonga mgongoni taratibu, malizia na brashi laini ya rangi. Angalia na tundu la chini ya mausi. Bawa moja tu likikaa mbele ya kile kitaa, mshale unarukaruka.

FundiMakoroboi
Dukani, kabla hujalipa: fungua mlango wa betri ya mausi uone risiva imo, maana kwenye seti za bei nafuu ikipotea mara nyingi huwezi kuoanisha nyingine. Bonyeza kila kitufe, kisha Shift na 2. Ikitoka " badala ya @, Windows imewekwa mpangilio wa Uingereza. Unabadilishwa kwenye mipangilio ya lugha, lakini kama na vitufe vimechapwa hivyo, watoto watahangaika. Mausi ijaribu juu ya mbao au kitambaa, kioo cha kaunta kinaidanganya.

NyegeziKona
Nimeelewa. Nachukua ya risiva, waya wa mita moja na LR03 mbili za akiba. Meza yetu ni ya kioo, kwa hiyo naongeza na pedi ya mausi.