Kurudi kwenye gitaa la besi baada ya miaka 14: nianzie wapi?

Mwenye swali

Ndugu zangu wapiga muziki, nawasalimu. Nilipiga besi kwa miaka sita nikiwa kijana, kisha kazi na malezi vikanishika, na gitaa likabaki ndani ya mfuko wake kwa miaka 14. Mwezi uliopita nililitoa, nikafunga nyuzi mpya, nikaketi nalo. Kichwa hakijasahau: najua noti inayofuata iko wapi na najua mahali pa kunyamaza. Vidole ndivyo vinavyochelewa, na dakika kumi hazipiti kabla kifundo cha mkono wa kushoto hakijaanza kuuma. Tena uzi wa E, ule mnene kuliko zote, unakwaruza kila ninapoubana kwenye freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza au ya pili, hata nikikaza vipi. Je, nianze upya kama mwanafunzi, au nirudie nyimbo nilizokuwa nikizipiga?

Mchangiaji wa kwanza

Karibu tena, ndugu. Mimi nilirejea baada ya miaka tisa, na kosa langu kubwa lilikuwa kuutii mwendo uliobaki kichwani, ambao mkono ulikuwa haujawa tayari kuubeba. Nyimbo zako zirudie, maana ndizo zitakazokuketisha kesho, ila zipige kwa nusu ya kasi yake.

Kuhusu maumivu, tofautisha mambo mawili. Ncha za vidole zikiwaka moto, vumilia, kwani sugu hurudi baada ya wiki chache. Kifundo kikiuma, weka gitaa chini siku hiyo, na maumivu yakiendelea hata usipopiga, muone daktari. Robo saa asubuhi na robo saa jioni ni bora kuliko saa nzima kwa mkupuo. Vilevile, usilazimishe kidole kimoja kwa kila freti kule mwanzo wa shingo, upande wa kichwa cha gitaa. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa takriban sentimita 86, na freti za mwanzo ziko mbalimbali mno kwa mkono uliolala miaka yote hiyo. Tumia cha shahada, cha kati, kisha cha pete na cha mwisho kwa pamoja, ukiubana uzi karibu kabisa na freti, kwa nyuma yake, maana hapo nguvu ndogo hutosha.

Mchangiaji wa pili

Kabla ya kuulaumu mkono, naomba ulitazame gitaa lenyewe. Mkwaruzo unaotokea kwenye freti za mwanzo tu mara nyingi hutokana na shingo iliyonyooka kupita kiasi au iliyopinda kwa nyuma. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapoungana na mwili, kisha chungulia nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya saba. Inapaswa kuwapo nafasi ndogo, kama milimita 0.3 hivi. Ikiwa uzi umelala juu ya freti, legeza kidogo ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko tu, kinyume cha mshale wa saa, kisha tyuni (rudisha nyuzi kwenye sauti zake) na upime tena. Ikigoma kuzunguka, usiilazimishe, mpelekee fundi.

Mchangiaji wa tatu

Nakazia upande wa mapigo, kwa sababu hapo ndipo kazi ya besi ilipo. Weka metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika, uhesabu mlio wake kuwa pigo la pili na la nne, halafu piga noti moja tu kwa dakika tano, ukisikiliza inapoanzia na hasa inapokatikia. Wala usihangaikie wingi wa vidole vya mkono wa kulia. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia kidole cha shahada peke yake.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Nimechungulia kama nilivyoelekezwa, na uzi ulikuwa umelala juu ya freti bila nafasi yoyote. Nimelegeza robo mzunguko, nikatyuni, na mkwaruzo umekwisha. Nadhani nilikuwa nikibana kwa nguvu zote ili kuuzima, kwa maana jioni hii nimepiga robo saa nzima kwa metronomu, noti moja ya A, na kifundo hakijauma.