Tupeane uzoefu: Kutotolesha mayai ya mamba, yanaharibikia wapi?

Mlezi wa Kiota
Wakuu, uzi huu ni wa walio kwenye mashamba ya mamba wa Mto Nile. Tuzungumzie mayai, tangu kufukuliwa mpaka watoto waingie bwawani, maana hasara kubwa iko kwenye miezi hiyo mitatu. Bila kibali usiyaguse: Tanzania yai la mamba ni nyara ya serikali, na Kenya lazima upitie KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Karibuni.

Rufiji Kusini
Jike hutaga mayai 25 hadi 80 kwenye shimo la mchanga. Fukua asubuhi jua halijakali, na mtu mmoja kazi yake iwe kumwangalia mama tu, kwa sababu hakai mbali. Tumia mikono, si jembe.

Kabla hujanyanyua yai, liwekee alama ya penseli upande wa juu. Ndani ya saa 24 hivi baada ya kutagwa, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hujishikiza kwenye ganda upande huo. Ukiligeuza baada ya hapo, kiinitete hufa na nje huoni kitu. Alama ibaki juu kwenye boksi, garini na kwenye mashine ya kutotolesha. Mengi yanayodaiwa hayakuwa na mbegu yamefia njiani.

Nyuzi 32
Joto ndilo linaloamua jinsia. Kati ya nyuzi 32 na 34 za Selsiasi hutoka madume wengi. Chini ya 31 ni majike. Ukikaribia 35 tegemea migongo iliyopinda na mikia iliyojikunja.

Kipimajoto kikae katikati ya mayai. Cha ukutani kinadanganya, kwani viinitete vikikua hutoa joto lao wenyewe, na boksi linaweza kuwa na joto kuliko chumba. Unyevu uwe zaidi ya asilimia 90, ila usinyunyizie mayai maji. Boksi liwe na matundu: yai linapumua, na ganda lililoloa chapachapa halipitishi hewa.

Mlezi wa Kiota
Na yasiyo na mbegu mnayatambuaje mapema?

Rufiji Kusini
Yai lenye uhai huota doa jeupe juu, kisha doa husambaa na kuwa mkanda unaolizunguka yai. Lisilo na mbegu hubaki na rangi ileile kote. Lililooza litoe siku hiyohiyo, ukungu usihamie kwa jirani.

Dada wa Bwawani
Karibu siku ya 90 watoto huanza kulia wakiwa ndani ya ganda. Tafadhalini msiwe na haraka ya kupasua! Kiini kikiwa bado hakijaingia tumboni, kitovu hupasuka na mtoto hutoka damu. Akishatoa pua mwenyewe na akakwama, hapo msaidie. Kitovu kipakwe ayodini.

Maji ya bwawa la watoto yawe nyuzi 30 hadi 32, kina kifupi, na sehemu kavu ya kupanda. Weka mbao za kujificha. Wakiogopa hulundikana pembeni, na wa chini hukosa hewa.

Siku za mwanzo wanaishi kwa kiini, wasilazimishwe kula. Wakianza, nyama isagwe pamoja na mifupa. Ya mnofu mtupu hulainisha taya, na mtoto wa taya laini hashiki chakula tena.