Programu ipi ya bakapu ya seva inayopeleka data kwenye wingu? (Ubuntu, PostgreSQL, intaneti ya Mbps 20)

mtunza_mitambo

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaoshinda na seva.

Kituo cha afya, seva moja iko hapohapo ofisini: Ubuntu 22.04, RAM GB 8, PostgreSQL 14 (injini ya hifadhidata) yenye GB 40 hivi, na folda ya eksirei na fomu zilizoskaniwa, GB 180, inaongezeka kama GB 1 kwa siku. Bakapu iliyopo ni rsync kila usiku kwenda diski ya USB iliyochomekwa muda wote kwenye seva hiyohiyo. Faiba yetu ni Mbps 20 kupandisha na 20 kushusha.

Nimebaki na majina matano: restic, Borg, Duplicati, duplicity na rclone. Masharti: data isimbwe (ifungwe kwa ufunguo wa siri) kabla haijatoka nje, gharama isizidi dola 10 kwa mwezi, na seva ikiungua tuwe tumesharudi kazini ndani ya siku moja. Ipi inafaa, na nihifadhi wapi?

---

MhandisiData

Mkuu, kwa hali yako chukua restic. Nikupe sababu za kuwaacha wengine.

rclone ni chombo kizuri cha kuhamisha mafaili, ila `rclone sync` inafananisha pande mbili. Mtu akifuta folda saa 8 mchana, usiku inafutwa na kule winguni. Haina historia ya matoleo isipokuwa uijenge mwenyewe kwa `--backup-dir`.

duplicity hutengeneza bakapu kamili moja kisha mnyororo wa nyongeza juu yake. Faili moja la katikati likiharibika, nyongeza zote zinazolifuata hazirudi. Dawa yake ni kurudia bakapu kamili mara kwa mara, na kwa Mbps 20 kupandisha GB 220 ni zaidi ya saa 24. Hutaki kulipa gharama hiyo kila mwezi.

Duplicati ina ukurasa mzuri wa kivinjari, lakini inategemea hifadhidata yake ndogo iliyo kwenye seva. Seva ikifa nayo imekwenda, hivyo unalazimika kuijenga upya kutoka wingu kabla ya kurejesha kila kitu. Kwenye bakapu kubwa kazi hiyo huchukua muda mrefu, tena siku ambayo kila mtu amekusimamia kichwani.

Borg ni imara sana, pengine kuliko zote hizi. Shida ni kwamba matoleo ya 1.x yanazungumza SSH tu (njia ya kuingia seva ya mbali), hayaendi moja kwa moja kwenye hifadhi ya aina ya S3 (mfumo wa hifadhi ya wingu wa Amazon ulioigwa na wengi). Ukiitaka, tafuta mtoa huduma anayekubali Borg upande wa pili, mfano BorgBase au rsync.net.

restic inakata mafaili vipande, inasimba kila kipande kwa AES-256 hapohapo kwenye seva, na kinachopandishwa ni vipande ambavyo havijawahi kwenda. Hakuna mnyororo: kila snapshoti (hali ya data ya siku hiyo) inasimama yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya safari ya kwanza, endesha amri ileile tena, haitaanza sifuri.

Angalizo: usiisakinishe kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu). Ubuntu 22.04 inakupa 0.12.1, na ugandamizaji uliingia 0.14. Pakua faili moja la toleo jipya kutoka GitHub, lifungue kwa `bunzip2`, lipe ruhusa ya kuendeshwa, liweke `/usr/local/bin`. Ukianza na toleo la zamani utalazimika kufanya `restic migrate upgrade_repo_v2` baadaye.

Kuhusu mahali: Backblaze B2 (hifadhi ya wingu), kwa bei iliyoanza Oktoba 2023, ilikuwa dola 6 kwa TB kwa mwezi. Kwa bei hiyo GB 220 ilikuwa kama dola 1.3. Kurejesha ni bure hadi mara tatu ya wastani wa ulichohifadhi. Wasabi inakutoza angalau TB 1 hata ukiweka GB 220, na ukifuta kitu kabla ya siku 90 unalipia siku zilizobaki, jambo lisilopatana na bakapu inayosafishwa kila wiki. Glacier Deep Archive ya Amazon ni rahisi kwa shilingi, lakini kiwango chake cha chini ni siku 180 na data husubiriwa hadi saa 12 au hata 48. Sharti lako la siku moja linakufa hapo.

---

Bi_Terminali

Nakubaliana na restic, ila sharti la siku moja halitimizwi na programu yoyote kati ya hizo. Piga hesabu: GB 220 kwa Mbps 20 ni sekunde 88,000, yaani saa 24 na dakika 27, laini ikiwa imejaa muda wote na hakuna mwingine anayeitumia. Hapo bado hujanunua seva wala kusakinisha Ubuntu.

Kwa hiyo wingu liwe nakala ya pili. Nakala ya kwanza iwe hapo ofisini kwenye kifaa kingine, hata kompyuta ndogo yenye diski ya TB 1 iliyofungiwa chumba kingine. Weka `rest-server` juu yake (programu inayopokea bakapu za restic) ukiiwasha na `--append-only`, yaani ikubali kuongezewa tu, si kufutiwa, na seva ipeleke kule kwanza. Kurejesha kwa waya wa LAN wa gigabiti ni suala la saa chache, kikomo kinakuwa diski.

Sababu ya pili: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo bakapu iliyoko ng'ambo, mfano Amsterdam, huigusi.

Moto ukila jengo zima, utarejesha kutoka wingu, lakini kwa zamu. Hifadhidata kwanza, wagonjwa waanze kupokelewa, kisha eksirei za miezi ya karibuni kwa `--include`, za zamani zije polepole usiku. Ndiyo maana folda ya picha ipangwe kwa mwaka na mwezi. Kama sasa hivi ni folda moja yenye mafaili laki mbili, anza na hilo.

Na diski ile ya USB ichomoe. Virusi vya kufungia mafaili vikiingia kwenye seva, vinaifunga na yenyewe.

---

tembo_wa_bluu

Hakuna aliyegusa PostgreSQL na hapo ndipo bakapu nyingi huharibika kimyakimya. Ukielekeza restic kwenye `/var/lib/postgresql` huku injini inaendelea kuandika, unapata mafaili yaliyonakiliwa kwa nyakati tofauti. Bakapu itasema imefaulu, kurejesha ndiko kutakakokataa.

Toa data kwa pg_dump (chombo cha PostgreSQL cha kutoa nakala ya hifadhidata, tunayoiita dampo), na uzime ugandamizaji wake:

`rm -rf /var/backups/pg/kituo`
`pg_dump -Fd -j 2 -Z0 -f /var/backups/pg/kituo kituo`
`pg_dumpall --globals-only > /var/backups/pg/globals.sql`

Hiyo `-Z0` ndiyo roho ya jambo. pg_dump ya kawaida kwa `-Fd` au `-Fc` hugandamiza, na faili lililogandamizwa likibadilika kidogo mwanzoni, karibu kila kitu baada ya hapo hubadilika. restic inaona vipande vipya vitupu na kila usiku unapandisha hifadhidata nzima. Bila ugandamizaji, jedwali ambalo halijaguswa linatoka vilevile na halipandishwi tena. Restic itagandamiza yenyewe baada ya kukata vipande.

Mstari wa `rm -rf` upo kwa sababu `-Fd` hugoma ikikuta folda ina vitu. Tenga nafasi ya diski ya kutosha, ingawa dampo huwa dogo kuliko hifadhidata kwani faharasa (index) hazimo, zinajengwa upya wakati wa kurejesha. `globals.sql` wengi huisahau: ndiyo yenye watumiaji na nywila zao, bila hiyo pg_restore inamwaga makosa ya "role does not exist".

Mpangilio nao una maana. Dampo kwanza, kisha restic ichukue dampo na folda ya picha kwa mpigo mmoja. Ukigeuza, hifadhidata itataja eksirei iliyoingia baada ya folda kunakiliwa, na daktari atafungua rekodi isiyo na picha.

Weka `set -euo pipefail` juu ya skripti. Dampo likishindwa, skripti isimame hapohapo, isiendelee kupeleka nusu dampo na kuripoti kwamba mambo ni shwari.

---

mtunza_mitambo

Asanteni sana wakuu, hii ya -Z0 nisingeijua. Maswali mawili: mtu akidukua seva si atakuta ufunguo wa B2 na kufuta kila kitu kule? Na data za wagonjwa kwenda nje ya nchi, kisheria ikoje?

---

MhandisiData

La ufunguo: seva ipe ufunguo usio na haki ya kufuta.

`b2 key create --bucket jina-la-baketi seva1 listBuckets,listFiles,readFiles,writeFiles`

Hakuna `deleteFiles` humo. Tangu toleo 0.15, restic ikitumia anwani ya `b2:` na ikanyimwa kufuta, inaficha faili badala ya kulifuta. Kwenye baketi (chombo cha mafaili yako huko B2) weka kanuni ya kuondoa mafaili yaliyofichwa baada ya siku 30. Mdukuzi akificha kila kitu, una siku 30 za kuyafichua. Usipoweka kanuni hiyo, vilivyofichwa vinakaa milele na bili inapanda huku restic inakuonyesha nafasi ndogo.

Kusafisha kufanyike kutoka kompyuta nyingine yenye ufunguo kamili, mara moja kwa wiki:

`restic forget --keep-within-daily 14d --keep-within-weekly 2m --keep-within-monthly 1y --prune`

Nimetumia `keep-within` makusudi. Ukitumia `--keep-last`, mdukuzi anaweza kuingiza snapshoti feki nyingi na forget ikazisukuma nje zile nzuri.

La sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje. Kusimba kabla ya kutoka kunakusaidia, ila hakuondoi wajibu. Mwone mwanasheria wa kituo na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kupandisha hata GB moja. Mkikataliwa, restic hiyohiyo inapeleka kwa SFTP kwenye seva ya ndani ya nchi, unabadilisha anwani na ufunguo wa kuingilia.

---

Bi_Terminali

Nyongeza chache za utendaji.

Tumia kipima muda cha systemd badala ya cron, na `Persistent=true`, ili umeme ukikatika saa ya bakapu ifanyike seva ikiwaka. Umeme ukirudi unaweza kukuta "repository is already locked". `restic unlock` huondoa kufuli zilizokufa tu, hivyo iweke mwanzoni mwa skripti bila hofu.

Mchana safari ya kwanza ikiwa inaendelea, weka `--limit-upload 1500`. Hizo ni KiB kwa sekunde, kama Mbps 12, wenzako wabaki na kitu.

restic ikitoka na msimbo 3, snapshoti imeundwa lakini kuna mafaili haikuweza kuyasoma. Usiuchukulie kama 0.

Betri ya saa kwenye ubao mama ikifa na seva ikawaka na tarehe mbovu, hifadhi za S3 hukataa kwa "RequestTimeTooSkewed", kwani haziruhusu tofauti ya zaidi ya dakika 15. Si nywila wala ufunguo, sakinisha chrony (inayorekebisha saa kupitia mtandao).

Nywila ya restic ichapwe kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili, moja nje ya jengo. Ikipotea hakuna wa kumpigia simu, hata Backblaze hawana.

---

kipimo_cha_diski

Mmeisahau Kopia. Inafanya karibu yote haya na ina kiolesura cha picha, hivyo msimamizi asiyependa terminali anaweza kurejesha faili mwenyewe.

---

tembo_wa_bluu

Kopia ni nzuri, mkuu, sina ugomvi nayo. Kwa huyu mwenye skripti ya dampo inayoendeshwa usiku, kiolesura hakimwongezei mengi. Kama wapo wafanyakazi watakaorejesha mafaili mara kwa mara, jibu linageuka.

Mleta mada, kabla hujatangaza kazi imekwisha, fanya hivi kwenye mashine nyingine, si kwenye seva:

`restic restore latest --target /srv/jaribio --include /var/backups/pg`
`sudo -u postgres psql -f /srv/jaribio/var/backups/pg/globals.sql`
`sudo -u postgres pg_restore -j 4 -C -d postgres /srv/jaribio/var/backups/pg/kituo`

Njia nzima huhifadhiwa chini ya `--target`, ndiyo maana ya `/var/backups` ndani ya `/srv/jaribio`. Hakikisha mtumiaji `postgres` ana ruhusa ya kusoma folda hiyo. Pima muda, hesabu safu za majedwali makubwa mawili matatu ulinganishe na seva hai. Rudia kila robo mwaka, na kila wiki `restic check --read-data-subset=5%`.

---

mtunza_mitambo

Nimeelewa. Naanza na kompyuta ya ofisini na rest-server, B2 isubiri majibu ya mwanasheria. Nikikwama nitarudi hapahapa.