MJADALA: Sungura mwitu wa malishoni, wamalizwe kwa ugonjwa au kwa trekta?

Wakuu, heshima kwenu. Kila yanapotajwa mauaji ya sungura mwitu kule Australia na New Zealand, majibu ya watu wetu huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema huo ni ukatili na ufujaji, kwamba wenzetu wanatupa kitoweo wakati wengine wanalala njaa. Na wapo wanaosema mnyama anayemaliza majani ya mifugo yako hana cha kuhurumiwa, aondolewe kwa njia yoyote ile. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Naamini sungura wale ni lazima waondolewe, na nitaeleza kwa nini. Ila kuwaambukiza maradhi napinga kwa nguvu zangu zote, na hiyo ndiyo hoja ninayotaka tuibishanie.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia mnyama gani. Sungura wa porini kwetu, yule anayekurupuka usiku mbele ya taa za gari, halali shimoni. Hujikunyata kwenye majani na kuishi peke yake. Sungura wa Australia asili yake ni Hispania na Ureno, jamii moja na hawa tunaowafuga kwenye vibanda. Anaishi kwa makundi, ndani ya mashimo yaliyounganishwa chini kwa chini. Jike hubeba mimba kwa mwezi mmoja hivi, na siku anayozaa anaweza kupandwa tena.

Mwaka 1859 mwenye shamba mmoja wa Victoria, Australia, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza. Akawaachia kwenye shamba lake la Barwon Park, apate cha kuwinda yeye na wageni wake. Miaka 50 haikupita kabla hawajatapakaa sehemu kubwa ya bara lile. Jimbo la Australia Magharibi likajenga uzio wa kuwazuia, ukakamilika mwaka 1907. Ule wa kwanza peke yake una urefu wa kilomita 1,833, umekata jimbo kutoka pwani ya kusini hadi ya kaskazini-magharibi. Lakini sungura walishavuka kabla kazi haijaisha.

Sasa wanaharibu nini? Hesabu inayotajwa sana ni kwamba sungura kumi hivi wanakula sawa na kondoo mmoja. Ni kweli, ila hesabu hiyo inaficha jambo kubwa zaidi. Kondoo unamhamisha, malisho yakapumzika. Sungura humhamishi. Yeye hukata jani hadi kwenye shina, kiangazi kikikaza hufukua mizizi na kubambua magome, na kila mche unaochomoza huumaliza ungali na majani mawili. Kwenye nyanda kavu, hata sungura mmoja kwa hekta, au pungufu ya hapo, anatosha kuzuia miti kama mulga isiote tena. Na mulga ndiyo mti ambao wafugaji wa huko huukata matawi kulisha mifugo wakati wa ukame. Ukiutazama msitu wake kwa mbali unadhani ni mzima, kumbe ni wazee watupu, chini hakuna mche hata mmoja. Kuzunguka mashimo ardhi hubaki imekwanguliwa, hakuna kitu ila udongo na vinyesi vidogo vya mviringo, na mvua ya kwanza ikinyesha tabaka la juu linaondoka.

Kuna na madhara mengine. Sungura wengi huwashibisha mbweha na paka-shume, nao ni wageni walioletwa vilevile. Ukame ukija na sungura wakapungua, wale wawindaji wenye njaa huwageukia wanyama wadogo wa asili. Ndugu zangu mnaosema sungura waachwe waishi kama viumbe wengine, mjue kwamba kuwaacha nako ni kuua. Wanaokufa ni wale ambao picha zao hazipigwi.

Wengine wamesema wawindwe waliwe. Hilo limejaribiwa. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, familia nyingi maskini za Australia ziliishi kwa nyama ya sungura. Wategaji waliuza nyama na ngozi, na manyoya yake ndiyo yaliyotengenezewa kofia za Akubra. Mamilioni waliliwa, na bado hawakupungua, kwa sababu mtegaji anayeishi kwa sungura ana kila sababu ya kubakiza majike ili mwakani apate kazi. Simlaumu, alikuwa na watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba biashara ya nyama haiwezi kuwa dawa ya tatizo hili.

Hapo ndipo wazo la ugonjwa lilipoingia, na si la juzi. Mwaka 1887 serikali ya New South Wales, huko huko Australia, ilitangaza zawadi ya pauni 25,000 kwa atakayeleta njia ya kuwamaliza sungura. Louis Pasteur mwenyewe akamtuma mpwa wake, Adrien Loir, aende Sydney kupendekeza kipindupindu cha kuku. Tume iliyoundwa ikakataa, pamoja na mengine kwa hofu kwamba ugonjwa ule ungeua ndege. Naiheshimu sana tume ile. Ilijiuliza swali ambalo waliofuata hawakulipa uzito: maradhi haya yakishatoka mkononi, yatakwenda wapi?

Mwaka 1950 watafiti wa shirika la sayansi la serikali, CSIRO, waliachia virusi vya miksomatosi, ugonjwa wa sungura unaoenezwa na mbu, kwenye bonde la mto Murray. Miezi ya mwanzo ilionekana kama jaribio limeshindwa. Kisha mbu wakazaliana, na ugonjwa ukafuata mito kwa kasi ya kutisha. Sungura waliokadiriwa kufika milioni 600 wakashuka hadi milioni 100 hivi ndani ya miaka miwili. Watu wa Mildura, mji wa bonde lile, walipoanza kuugua homa ya ubongo wakati huohuo, hofu ikatanda kwamba ni ugonjwa wa sungura. Wanasayansi watatu, Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, wakajidunga virusi vile wenyewe kuonyesha kwamba havimdhuru binadamu. Walikuwa watu jasiri, na wafugaji waliokuwa wanafilisika waliokolewa kweli. Siwezi kulikana hilo.

Lakini mtazame sungura mwenye ugonjwa huo. Kope zinavimba mpaka macho yanaziba na kutoka usaha. Masikio yanakuwa mazito, yanalala. Pua inajaa, anakoroma akivuta pumzi. Mnyama aliyeumbwa kukimbia sauti ndogo kabisa anakaa mahali pa wazi mchana, haoni, hajui gari linakuja wala mbwa anakuja. Hufa siku 10 hadi 14 hivi tangu kuambukizwa. Mfugaji wetu akiona ng'ombe yuko katika hali hiyo, anamchinja saa ileile, hata kama nyama yake haitaliwa. Hatuachi mnyama aoze akiwa hai. Sioni kwa nini sungura awekwe nje ya utaratibu huo kwa kuwa tu yeye ni adui wa malisho. Kumuua ninakubali. Kumtesa siku nyingi kwa makusudi, hapana.

Tena ugonjwa ule haukumaliza kazi. Mbu hunyonya damu ya aliye hai, kwa hiyo kirusi kinachoua haraka mno hukosa wa kukibeba. Vilivyoenea ni vile vinavyoua polepole, na sungura wachache walioponea wakazaa watoto wenye ukinzani. Fenner mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya baada ya kuyafuatilia mwaka hadi mwaka. Sungura wakarudi. Ikabidi kutafutwa kirusi kingine, kalisivirusi kinachoshambulia ini, nacho kikatoroka mwaka 1995 kutoka kisiwa cha Wardang kilipokuwa kinafanyiwa majaribio. Mwaka 2017 ikaachiwa aina nyingine ya kirusi hicho. Yaani kila baada ya miaka kadhaa inabidi kusaka maradhi mapya. Na anayefuga sungura nyumbani Sydney haruhusiwi mpaka leo kumchanja dhidi ya miksomatosi, kwa hofu kwamba chanjo yenyewe, ambayo hutumia kirusi hai, itasambaza kinga kwa wale wa porini.

Wapo watakaoniuliza mbona sisi tunawapulizia kwelea kwelea sumu kwa eropleni. Swali zuri. Ile sumu nayo ina madhara yake, mwewe na bundi wanaokula maiti za kwelea hufa. Lakini rubani akitua, upuliziaji umekoma. Ukiona umekosea, mwakani unabadilisha. Ugonjwa wa kuambukiza hauna mahali pa kuuzima.

Ushahidi uko Ulaya. Mwaka 1952 daktari mmoja mstaafu Mfaransa, Armand-Delille, aliingiza miksomatosi kwenye shamba lake la Maillebois lililozungushiwa ukuta. Alitaka kusafisha shamba lake tu. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshavuka bahari hadi Uingereza, na ukaendelea kushuka hadi Hispania na Ureno, nyumbani kwa asili kwa sungura huyu. Huko sungura si mharibifu, ni chakula cha karibu kila mwindaji wa porini, kuanzia tai hadi linksi wa Iberia, paka-mwitu ambaye bila sungura haishi. Kirusi cha ini nacho kilipofika Hispania miaka ya 1980 kikaongeza pigo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, linksi waliobaki porini hawakufika hata 100 waliokomaa. Imechukua miaka ya kuwazalisha vizuizini na kuwarudisha porini ndipo wakapita 2,000. Na sungura yuleyule ambaye Australia inatumia fedha nyingi kumuua, mwaka 2019 aliingizwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka katika makazi yake ya asili.

New Zealand nako serikali ilikataa mwaka 1997 kuruhusu kirusi cha ini. Wafugaji wa Kisiwa cha Kusini wakakiingiza kimagendo, wakasaga maini ya sungura waliokufa kwa blenda za jikoni, wakapaka kwenye karoti na shayiri na kuzimwaga malishoni. Walikuwa wamechoka, naelewa. Lakini ilikuwa majira ya kuzaliana, na watoto wachanga wa sungura hustahimili kirusi kile, kisha hubaki na kinga. Wakawa wamejipandia wenyewe kizazi kisichodhurika.

Na tusidhani sisi tuko mbali. Aina mpya ya kirusi cha ini ilijitokeza Ufaransa mwaka 2010, bila kuachiwa na mtu yeyote anayejulikana, nayo tofauti na ile ya kwanza inaua hata sungura-nyika, jamii ya yule wa porini kwetu asiyelala shimoni. Mwaka 2022 ilithibitishwa Afrika Kusini, kwenye eneo la Karoo, ambako sungura-nyika walikutwa wamekufa na sungura wa mitoni, aliye adimu sana, akawa hatarini. Jamaa zao wako Serengeti na Kajiado. Simtwishi mtu lawama kwa kirusi hicho. Ninachosema ni kwamba maradhi ya jamii hii yanasafiri, kwa hiyo kuyafanya kuwa silaha ni kuamua kwa niaba ya nchi ambazo hazikuulizwa.

Basi njia ni ipi? Ni kuvunja mashimo. Trekta kubwa linafungwa meno marefu ya chuma yanayozama ardhini, linapita juu ya mashimo mara mbili kwa kukatiza mpaka kila njia ya chini inaporomoka. Kabla yake huwekwa sumu au hupelekwa mbwa ili wasibaki wengi ndani, na watakaobaki hufia humo kwa kufukiwa. Kifo cha namna hiyo si kizuri, ila hakiendi shamba la jirani. Faida yake ni kwamba sungura si mwepesi wa kuchimba makazi mapya, hasa kwenye ardhi ngumu, hupenda kurithi ya wazee wake. Bila shimo jua la Australia linamuua, na mbweha anamuua. Shamba la Bulloo Downs, kusini-magharibi mwa Queensland, walivunja mashimo yaliyo karibu na maji ya kudumu, pale sungura wanapokimbilia wakati wa ukame, na eneo zima likabaki na sungura wachache mno kwa miaka mingi. Hawakuhitaji kuvunja kila shimo kwenye ranchi yote.

Najua hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu, na nitaitaja mwenyewe. Baada ya kirusi cha 1995 kuenea, kwenye jangwa la Australia Kusini panya-warukaji na wanyama wengine wadogo wa asili waliokuwa wanaelekea kupotea walirudi na kuenea upya. Hakuna trekta lingeweza kufanya hivyo kwenye eneo kubwa kiasi kile. Kirusi hicho pia huua kwa siku mbili au tatu, hakina mateso ya miksomatosi. Hoja hii inanisumbua, na mtu akisema kwa jangwa lisilo na mashamba kirusi kimesaidia, sina ubishi naye. Lakini sisi hapa tunazungumzia malisho, ardhi yenye mwenyewe, yenye njia ya kupita trekta, yenye faida inayopatikana kila mwaka. Mwenye ardhi hiyo hana sababu ya kukaa akisubiri maradhi yamfanyie kazi. Baada ya 1950 wengi walifanya hivyo hasa: waliona maiti zimejaa wakaacha mashimo yakiwa mazima, na sungura waliopona wakakuta nyumba ziko tayari.

Kinachobaki ni gharama. Trekta, dizeli na dereva ni fedha ya mara moja, na nyingi, wakati kirusi kwa mfugaji ni bure. Kwenye miamba trekta halipiti, itabidi bunduki na gesi ya kupuliza mashimoni. Sheria za majimbo ya Australia zinamtaka mwenye ardhi adhibiti sungura wake, lakini jirani mmoja asiyevunja mashimo yake huwarudishia wote kazi. Mimi naona serikali ichangie gharama za uvunjaji kwa fedha ileile inayotafutia virusi vipya, na asiyeshiriki atozwe. Wafugaji mlio humu, hasa mliowahi kuchangishana kwa ajili ya josho au lambo la pamoja, mlimfanyaje yule aliyekataa kutoa wakati mifugo yake inatumia?