Maana ya "once in a blue moon"

Muulizaji: Ndugu zangu, mwenzangu wa kazini, ambaye ni Mwingereza, aliniandikia kwamba humtembelea dada yake "once in a blue moon", yaani neno kwa neno "mara moja katika mwezi wa buluu", nami nikadhani anazungumzia mwezi mwandamo. Maana yake hasa ni ipi?

Jibu la kwanza: Ni mara chache mno, ndugu yangu, sisi tungesema ziara hizo ni adimu kama wali wa daku.

Jibu la pili: Niongeze kwamba mwezi uliwahi kuonekana wa buluu kweli baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka mwaka 1883, ingawa siku hizi wengi huuita hivyo mwezi mpevu wa pili katika mwezi mmoja wa kalenda, maana iliyotokana na kosa la jarida la falaki la Marekani mwaka 1946.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kumbe dada wa watu hatembelewi!