Ufa umerudi mara ya tatu kona ya nyuma, fundi anataka milioni 3.8 "kushikilia msingi". Nikubali?

Mpangaji_Mstaafu:
Wakuu habari za jumapili. Naombeni mawazo kabla hela haijatoka.

Nina nyumba yangu Goba, vyumba vitatu, nilianza 2016 kwa kudunduliza kama wengi wetu nikahamia 2019 madirisha bado yana mabati. Kiwanja ni cha mteremko, mbele kiko juu, nyuma kinashuka kuelekea korongo. Mvua za 2024, zile za mwezi wa nne zikaunganisha mpaka kimbunga Hidaya mwezi wa tano, zilipoisha nikaona ufa chumba cha watoto, umeanzia kona ya chini ya dirisha unashuka kwa ngazi ngazi ukifuata viungo vya tofali mpaka sakafuni. Nikaita fundi akakwangua, akapiga plasta, tukapaka rangi, kwisha. Masika iliyofuata ukarudi palepale kama mtu aliyesahau funguo. Nikarudia plasta. Sasaivi sarafu ya mia inaingia bila kusukuma na mlango wa chumba haufungi mpaka uunyanyue kidogo na mguu.

Juzi kaja fundi mwingine anasema msingi umechoka, tuchimbe nje ukuta wote wa nyuma, mita 11, tusuke nondo tumwage zege ubavuni ushikilie msingi. Milioni 3 na laki nane vifaa na ufundi. Mama watoto kasema nisitoe hata mia mpaka nipate maoni ya pili, na yeye ndo mtunza hazina wa kikoba kwa iyo nimetulia. Wenye uzoefu karibuni.

Timazi:
Pole mkuu. Kabla ya zege nijibu haya. Gata unazo nyuma? Maji ya bati yanaangukia wapi? Shimo la choo na la maji ya kuogea yako umbali gani na hiyo kona? Na ufa ni mpana wapi, huku juu dirishani au chini sakafuni?

kaka_wa_bonde:
Uza uhamie Kibaha mkuu, korongo halina undugu na mtu 😂

Mpangaji_Mstaafu:
@kaka_wa_bonde na wewe ukininunulia nahama kesho.

@Timazi gata ziko mbele tu, nyuma hela iliisha nikasema nitamalizia mwakani, mwakani yenyewe ndo hii. Maji ya bati la nyuma yanadondoka chini palepale, kuna hadi kimfereji kimejichimba chenyewe. Shimo la maji ya kuogea nimepima kwa hatua, hatua tatu kutoka kwenye kona. Ufa mpana juu dirishani, chini unakuwa kama uzi.

Timazi:
Basi nusu ya jibu umeshajipa mwenyewe. Ufa mpana juu mwembamba chini maana yake kona inazama na inalalia nje, ukuta unafunguka kama kitabu. Msingi haujachoka mkuu, ni udongo ulioubeba ndo umelegea, na umelegea kwa sababu unaunywesha. Bati la nyuma linamwaga, bafu linamwaga, vyote kona moja, alafu chini ni mteremko. Kama huko kwako ni mfinyanzi, masika unavimba kiangazi unasinyaa, kila mwaka nyumba inapandishwa na kushushwa. Mimi shimo la maji machafu nisingeliweka chini ya mita tano kutoka ukutani.

Sasa hilo zege la ubavuni. Samahani kwa fundi wako ila linabeba nini? Uzito wa ukuta unashuka wima, unaingia kwenye jamvi, yaani lile zege la chini kabisa la msingi, jamvi linakaa kwenye udongo. Ukimwaga zege pembeni umeongeza mzigo kwenye udongo uleule mbovu, na msingi wa zamani bado unaning'inia. Mwaka wa kwanza litaonekana zuri kweli, tena litapakwa na nyeusi.

Fanya hivi kwanza, haifiki hata laki mbili. Tafuta kipande cha kioo cha lova, kibandike kukatiza ufa kwa gundi ngumu ile ya kuchanganya mirija miwili, huku na huku. Andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka jua nyumba bado inatembea. Alafu chimba shimo moja tu la kuchungulia nje ya hiyo kona, upana wa mtu kuchuchumaa, mpaka uone chini ya jamvi kuna nini. Usichimbe kingine chochote.

Mama_Ubuyu:
Naongezea kwa uchungu. Sisi Mbagala tulikubali kuchimba ukuta mzima siku moja, fundi alituambia ndo haraka, vijana wanne toka asubuhi. Saa tisa alasiri ukuta wa jikoni ukatoa mlio kama mtu anavunja muwa, ukashuka karibu inchi nzima na bati likainama upande. Watoto tulikuwa tumewapeleka kwa bibi yao, Mungu mkubwa. Fundi akasema anafuata nguzo za kuegemeza, mpaka leo anazifuata.

Mpangaji_Mstaafu:
Wakuu mrejesho, wiki mbili baadae.

Kioo kimepasuka siku ya tisa, usiku wa ile mvua. Shimo la kuchungulia nimechimba mwenyewe na kijana wangu. Upande wa mbele najua vizuri tuliweka jamvi na kozi (mistari) za tofali za kulaza maana nilikuwepo, ila nyuma nilikuwa safarini. Kona ya nyuma kuna kozi mbili tu, jamvi ni jembamba kama chapati, na chini yake ni kifusi. Nimekuta vipande vya vigae, mifuko ya rambo na kandambili moja ya bluu, ya kushoto. Nyumba yangu imekaa kwenye kandambili. Nikaendelea kushuka, kama mita moja na robo kutoka juu ndo nikakuta udongo mwekundu mgumu, nondo haizami hata ukigonga.

Timazi:
Hiyo kandambili itunze 😂 ila umefanya la maana kuliko wote waliokuja kuangalia.

Sasa kazi ni kuupeleka msingi chini mpaka kwenye huo mwekundu, wahandisi wanaita andapiningi. Gawa sehemu mbovu vipande vya mita moja moja, vipe namba. Unachimba chini ya jamvi kipande cha 1 na cha 4 tu, vya katikati udongo wake unaachwa ushike ukuta. Ukifika udongo mgumu mwaga zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), pima kwa ndoo siyo kwa koleo, maana koleo la asubuhi na koleo la saa nane siyo moja. Zege usilijaze mpaka ligusane na jamvi la zamani, acha inchi mbili au tatu. Zege likikauka linasinyaa, ukiligusisha litaacha uwazi na ukuta utashuka tena kuufuata. Kesho yake au keshokutwa huo uwazi unaushindilia kwa saruji na mchanga 1:3, mkavu kiasi kwamba ukiufinya mkononi unashikana lakini hautoi maji, gonga kwa kipande cha mbao mpaka ugome. Hapo ndo mzigo unahamia chini. Ngoja siku mbili tatu ndo uchimbe 2 na 5, mwisho 3. Mwagilia wiki nzima.

Shimo la mita na robo lizibwe mbao pembeni, na mtu asiingie chini ya ukuta mvua ikinyesha. Na hii siyo kazi ya kufundishwa na mimi kwa simu, tafuta mhandisi aliyesajiliwa aje aone shimo lako likiwa wazi, nusu saa inamtosha kukuambia ni vipande vingapi na kama unahitaji mkanda wa zege na nondo kuzunguka ukuta. Hela yake kata kwenye hiyo 3.8.

Mama_Ubuyu:
Na ule ufa wa ukutani?

Timazi:
Mwisho kabisa dada. Bandika kioo kingine, kikikaa masika nzima bila kupasuka ndo unachonga viungo vya tofali, unalaza vipande vya nondo kukatiza ufa, unaziba na kupiga plasta. Ukianza na plasta unampamba mgonjwa.

Mpangaji_Mstaafu:
Nimewaelewa. Gata za nyuma zimepigwa jana, bomba nimelipeleka mpaka chini ya kiwanja, shimo la bafu nahamishia upande wa mwembe kule mbali. Mhandisi anakuja alhamisi. Fundi wa zege la ubavuni kapiga simu mara nne, nimempa mama watoto aongee nae.

kaka_wa_bonde:
Iyo kandambili namba ngapi mkuu? Mi ya kulia ninayo.